Zipu, Kidole na Kamba: Istilahi za Kueleza Umbo la Protini za Hamira Zishikazo DNA

1.0 Utangulizi

Mwaka 1992 yalichapishwa maumbo ya protini mbili za hamira, Gal4 na Gcn4, kila moja ikionekana imeshika kipande cha DNA. Umbo la kwanza lilitafutwa na Ronen Marmorstein, Michael Carey, Mark Ptashne na Stephen Harrison. La pili na Tom Ellenberger, Christopher Brandl, Kevin Struhl na Harrison huyohuyo. Protini hizi ni mfano wa swichi za jeni: hutafuta mahali maalumu katika DNA, hupashika, na jeni iliyo jirani huanza kufanya kazi. Kwa maumbo hayo iliwezekana kuona ni sehemu gani ya protini inayogusa sehemu gani ya DNA.

Miaka miwili kabla ya hapo, yaani mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwa imetoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kamusi hiyo ni kazi kubwa, lakini haikuweza kubeba majina ya vitu ambavyo vilikuwa havijaonekana. Tangu wakati huo mtu atakaye kueleza mambo haya kwa Kiswahili amekuwa na njia mbili: ama kuhamia Kiingereza kila anapofikia jambo lenyewe, ama kutafsiri neno kwa neno lakabu zilizotolewa na wataalamu wa Ulaya na Marekani, na kupata "zipu ya lusini" na "kidole cha zinki".

Makala haya yanapinga njia hiyo ya pili. Kasoro ya lakabu hizo haitokani na ugeni wake, kwani Kiswahili kimekopa mengi na kikafaidika. Kasoro ni kwamba zilitolewa wakati umbo lilikuwa bado linakisiwa. Umbo lilipojulikana, lakabu moja ilikanushwa na nyingine ikawekewa mpaka. Lugha iliyokwisha kuzoea jina haiwezi kulitupa kwa urahisi. Lugha iliyochelewa kutoa jina ina nafasi ya kulitoa baada ya kuona. Nafasi hiyo ndiyo inayochunguzwa hapa, kwa kutumia msamiati wa kazi mbili za mwambao wa Pangani, ugema wa tembo na usokotaji wa kamba, na kwa kuuweka katika kijiji kimoja ambako minazi ndiyo iliyozaa kazi zote mbili.

2.0 Tembo, chachu na hamira

Ushongo ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa minazi katika wilaya ya Pangani, mkoa wa Tanga, kusini ya mlango wa mto Pangani. Kisiwa cha Maziwe kiko baharini mbele yake. Msafiri atokaye Pangani mjini huvuka mto kwa kivuko hadi Bweni, kisha hushika njia ya kusini. Lugha ya sehemu hizi ni ya kundi la Kimrima. Lahaja iliyo jirani, Kimtang'ata, ilielezwa na W. H. Whiteley katika kitabu chake cha mwaka 1956.

Mnazi hugemwa kwa kukata ncha ya karara changa na kukinga maji yake katika kibuyu au chombo kingine. Maji hayo ni matamu, na sukari iliyomo kwa wingi ni sukrosi. Yakikaa saa chache hutoa povu. Tembo tamu huwa tembo kali, na likizidi kukaa huwa siki. Hakuna mtu atiaye hamira. Hamira huja yenyewe kwa hewa, kwa wadudu, na kwa chombo kilichotumika jana bila kuoshwa sana. Iliyo nyingi katika tembo ni Saccharomyces cerevisiae, kiumbe kilekile kiuzwacho dukani kwa ajili ya mkate na maandazi, na kilekile kilichotumiwa na wanabiolojia kwa miongo mingi kuchunguza jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa.

Msamiati wa pwani una maneno matatu yahusuyo jambo hili. Kitenzi kuchacha hueleza badiliko, yaani kuwa na uchungu au ukali. Chachu ni kisababishi cha badiliko hilo, na pia ni sifa ya kitu kilichochacha. Hamira, neno lililotoka Kiarabu, ni kitu kinachoshikika, kinunuliwacho na kupimwa. Kwa matumizi ya kawaida chachu na hamira hubadilishana nafasi. Kwa biolojia haifai kuziachia zibadilishane, kwa sababu chachu ya siki na ya maziwa yaliyoganda ni bakteria, viumbe wa jamii nyingine kabisa. Hamira ibaki kuwa jina la kiumbe wa jamii ya kuvu. Chachu ibaki kuwa jina la jumla la kichachishi chochote.

Katika kibuyu cha mgema hamira hupasua sukrosi kwa kimeng'enya na kupata glukosi na fruktosi. Maadamu glukosi ipo tele, protini iitwayo Mig1 hukaa juu ya DNA na kuzima jeni zisizohitajika, miongoni mwao jeni za kutumia galaktosi, ile sukari ipatikanayo katika maziwa. Mig1 huzima hata jeni ya Gal4 yenyewe. Kwa hiyo katika tembo tamu Gal4 ni haba na haina kazi. Ili ionekane kazini ni lazima hamira inyimwe glukosi na ipewe galaktosi. Jambo hili dogo la kibuyuni lina protini mbili zishikazo DNA, moja ikizima na nyingine ikiwasha, na lugha ya kuzieleza ni lazima iweze kubeba pande zote mbili.

3.0 Kushika, kufunga na kunasa

Hapo ndipo linapotokea tatizo la kitenzi. Kitenzi cha Kiingereza kinachotumika kwa tendo hili hutafsiriwa mara nyingi kufunga, na protini ikaitwa "protini ifungayo DNA". Tafsiri hii ni ya hatari. Kufunga kwa Mswahili ni kutia kamba, kuziba mlango, kumweka mtu gerezani, kuacha kula mchana wa Ramadhani. Kinyume chake ni kufungua. Mwanafunzi akisoma kwamba Gal4 imefunga jeni ataelewa kuwa jeni imezimwa, hali maana iliyokusudiwa ni kinyume: Gal4 inapokaa mahali pake jeni hufunguka. Ni nadra istilahi moja kumpeleka msomaji upande wa pili wa ukweli kwa wepesi kama huu.

Kunasa na kunata nazo hazifai. Kinasacho hakiachii kwa hiari yake. Ndege akinasa katika ulimbo amekwisha. Protini hizi hushika na kuachia mara nyingi, na uwezo huo wa kuachia ni sehemu ya kazi yake. Kunata huleta picha ya gundi, ambayo haichagui. Protini huchagua, na kuchagua kwake ndiko kunakotafutiwa maelezo katika umbo.

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vyenye mnyambuliko wa kale wa -at-, ambao huashiria mguso au mshiko: kamata, fumbata, ambata, kumbata. Ambata lingevutia kwa ufupi wake, lakini wanaisimu wamekwisha kujenga nalo "ambatani" na jamaa zake, na haifai taaluma mbili zigombee mzizi mmoja pasipo haja. Fumbata ni zuri kwa tendo la kuzungushia kitu vidole hadi kikafunikwa, nalo linafaa litumike pale protini inapofanya hivyo hasa. Kama jina la jumla, kitenzi kinachobaki ni shika. Mtu hushika na kuachia; hushika kitu hiki na kuacha kile; hushika njia, hushika zamu. Matumizi haya ya mwisho yana manufaa yasiyotarajiwa. Gal4, pasipokuwa na glukosi wala galaktosi, hukaa mahali pake juu ya DNA ikiwa imefunikwa na protini nyingine, Gal80, ikingoja. Galaktosi inapofika kizuizi huondolewa na jeni huwashwa. Hakuna kitenzi kingine kati ya vilivyotajwa kiwezacho kusema kwamba protini iko zamuni lakini haijaanza kazi.

Ama kuhusu nomino, muundo na umbo hazina budi kutenganishwa. Muundo, katika isimu na katika kemia, ni namna sehemu zilivyopangwa na kuunganishwa. Mfuatano wa asidi amino 881 za Gal4 ni muundo, na ulijulikana kabla ya mwaka 1992. Umbo ni hali ya mfuatano huo ukiisha kujikunja angani katika vipimo vitatu. Namna ya kujikunja yafaa iitwe mkunjo.

4.0 Kutoka fuwele hadi umbo

Umbo halionekani kwa darubini ya kawaida, kwa kuwa mawimbi ya mwanga ni marefu mno yakilinganishwa na atomu. Hutumika eksirei, na hazielekezwi kwa molekyuli moja bali kwa fuwele, yaani mabilioni ya molekyuli zilizojipanga kwa utaratibu mmoja kama matofali. Kupata fuwele ni kazi ya subira. Kwanza protini hutengenezwa kwa wingi ndani ya bakteria, kwa sababu hamira yenyewe huitoa kwa uchache mno. Mara nyingi huchukuliwa kipande tu, na kwa Gal4 kilichukuliwa kile cha asidi amino 65 za mwanzo, ambacho ndicho chenye kushika DNA. Kipande hicho huchanganywa na DNA fupi iliyotengenezwa maabara, yenye mfuatano ule protini iupendao. Kisha maji hupunguzwa polepole hadi fuwele zijitokeze, kama chumvi inavyojitokeza katika mabwawa ya pwani, ila chumvi haina choyo kama protini.

Eksirei zikipita katika fuwele hutawanywa na kuacha madoa. Ukali wa kila doa hupimika. Kisichopimika ni awamu ya wimbi. Mtu aliyekaa ufukweni akipimiwa urefu tu wa mawimbi yaliyofika, bila kuambiwa lipi lilitangulia na lipi lilichelewa, hawezi kujua mashua iliyoyakata ilikuwa wapi. Wachunguzi wa fuwele wako katika hali hiyo. Njia mojawapo ya kujitoa ni kuingiza atomu nzito mahali panapojulikana, kwa mfano iodini katika besi za DNA, na kulinganisha madoa ya fuwele yenye atomu hiyo na yale ya fuwele isiyo nayo. Awamu zikipatikana huchorwa ramani ya msongamano wa elektroni, na ndani ya ramani hiyo mchunguzi huuweka mnyororo wa asidi amino.

Ramani ya Gal4 ilikuwa na ubainifu wa angstromu 2.7, na ya Gcn4 angstromu 2.9. Angstromu 10 ni nanomita 1. Kwa ubainifu huo mkondo wa mnyororo na matawi yake huonekana, ingawa atomu ndogo za haidrojeni hazionekani. Mwaka huohuo wa 1992 makala mengine mawili yalionyesha eneo hilo la Gal4 likiwa katika maji bila DNA, kwa njia ya resonansi ya sumaku, ambayo haihitaji fuwele. Siku hizi programu za kompyuta hutabiri mkunjo kutokana na mfuatano peke yake, na Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2024 ilitolewa kwa David Baker, Demis Hassabis na John Jumper kwa kazi za uwanja huu. Jambo hilo limeongeza mzigo wa istilahi, kwa kuwa maumbo yanayohitaji majina sasa ni mamilioni.

5.0 Kidole au kishada

Lakabu ya kidole ilizaliwa mwaka 1985. Jonathan Miller, Andrew McLachlan na Aaron Klug walichunguza protini ya chura iitwayo TFIIIA, wakaona mfuatano unaojirudia wenye sisteini mbili na histidini mbili, ambazo kwa pamoja hushika atomu moja ya zinki. Walipendekeza kwamba kila rudio ni kama kidole kigusacho DNA. Mwaka 1991 Nikola Pavletich na Carl Pabo walipoonyesha umbo la protini ya panya iitwayo Zif268, vidole vilionekana kweli, vimejipanga katika bonde kuu la DNA. Mig1, ile izimayo jeni katika kibuyu cha tembo, ni ya ukoo huo. Kwa protini hizi, basi, kidole cha zinki ni jina sahihi. (Aonaye kwamba kidole ni neno la mwili mno anaweza kutaka chanda, neno lililo hai bado katika methali ya chanda na pete; lakini faida yake ni ndogo, na pete ingetakiwa kuwa ndani ya chanda.)

Tatizo ni Gal4. Kwa kuwa nayo ina zinki na sisteini, iliwekwa katika kundi la vidole, na vitabu kadhaa vya Kiingereza huiita hivyo hata leo. Umbo lilionyesha jambo jingine. Kila nusu ya Gal4 ina zinki mbili zilizokaa karibu, zikizungukwa na sisteini sita, na sisteini mbili kati ya hizo hushika zinki zote mbili kwa pamoja. Hakuna kidole. Kuna kitu kilichokusanyika na kukazwa, kilichotoa helisi moja fupi inayochungulia bonde kuu la DNA.

Jina lijalo upesi ni fundo. Fundo la zinki ni fupi, lina picha, na linafahamika kwa kila mfunga nyavu. Hata hivyo lina pingamizi moja zito: zipo protini ambazo mnyororo wake umejifunga fundo kwa maana halisi, ncha ikiwa imepita ndani ya kitanzi, nazo zitahitaji neno hilo. Ni afadhali fundo liwekwe akiba kwa ajili yao. Kwa Gal4 yanatosha maneno kishada cha zinki mbili. Kishada ni vitu vichache vilivyoshikwa pamoja, na idadi ikitajwa msomaji ataona mara moja tofauti na kidole, ambacho kina zinki moja.

Utengano huu una faida ya kifasihi na ya kitaaluma pia. Gal4 hufanya kazi ikiwa jozi. Kila kishada husoma herufi tatu tu za DNA, CGG, na mahali pake huwa na herufi hizo katika ncha mbili za kipande cha jozi 17 za besi, zikielekeana, na jozi 11 zisizosomwa katikati. Protini nyingine za hamira zina kishada hichohicho na husoma herufi hizohizo tatu. Ppr1 hutaka nafasi ya jozi 6, Put3 hutaka jozi 10, na Hap1 hutaka CGG mbili zitazamazo upande mmoja. Kama zote husoma CGG, hazikosei vipi? Maumbo yaliyofuata katika miaka ya 1990 yalitoa jibu: kinachochagua ni kile kipande cha mnyororo kiunganishacho kishada na sehemu ya ujozi, ambacho hulazimisha vishada viwili vikae kwa umbali fulani na kwa mwelekeo fulani. Kipande hicho kinaweza kuitwa kiungo, na umbali huo mwanya. Mtu aliyefundishwa kwamba Gal4 ni kidole atatafuta siri ya uchaguzi katika ncha ya kidole, asiione, kwa kuwa siri imo katika mwanya.

6.0 Zipu au kamba

Hapa ndipo penye jambo la msingi. Mwaka 1988 William Landschulz, Peter Johnson na Steven McKnight walitazama mfuatano wa protini ya ini la panya, wakaona kwamba katika eneo moja lusini hujirudia kila baada ya hatua saba. Wakakuta utaratibu huohuo katika Gcn4 ya hamira na katika protini kadhaa zihusianazo na saratani. Walipendekeza kwamba eneo hilo ni helisi, kwamba lusini zimejipanga upande mmoja wake, na kwamba lusini za protini moja huingia katikati ya lusini za mwenziwe kama meno ya zipu. Lakabu ilipendwa mara moja.

Mwaka 1991 Erin O'Shea, Juli Klemm, Peter Kim na Tom Alber walichapisha umbo la kipande hicho cha Gcn4, chenye asidi amino 33, kwa ubainifu wa angstromu 1.8. Meno hayakuwamo. Lusini za helisi mbili hazipishani. Hukaa ubavu kwa ubavu, safu kwa safu, na helisi zenyewe zimezungukana polepole. Namna hiyo ya kuzungukana ilikuwa imebashiriwa na Francis Crick mwaka 1953 kwa protini za nywele na misuli. Zipu, kwa ufupi, haipo. Kilichopo ni kamba ya nyuzi mbili.

Yeyote ajuaye kazi ya makumbi ataona kwamba usemi huu si wa kupamba. Makumbi ya nazi hulowekwa kwa miezi katika matope ya ufukweni, kisha hupigwa na kupatikana usumba. Msokotaji hutwaa nyuzinyuzi chache, akazisokota kwa kiganja juu ya paja hadi ziwe uzi. Akiisha kuwa na nyuzi mbili huzipota pamoja, na hapo upande hubadilika: kama uzi ulisokotwa kuelekea kulia, kamba hupotwa kuelekea kushoto. Uzi ukitaka kujifungua hukaza kamba, na kamba ikitaka kujifungua hukaza uzi. Mkonge, uliopandwa Kikogwe karibu na Pangani mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ulileta viwanda na mashine katika mkoa wa Tanga, lakini kamba ya katani nayo hufuata kanuni hiyohiyo.

Msokoto wa Gcn4 una pande mbili vilevile. Helisi ya kila protini huzunguka kuelekea kulia. Helisi mbili kwa pamoja huzungukana kuelekea kushoto. Sababu, hata hivyo, ni nyingine, na ni vizuri isifichwe na uzuri wa mfano. Mzunguko mmoja wa helisi huchukua asidi amino 3.6, na mizunguko miwili huchukua 7.2. Lusini hurudi kila baada ya 7, yaani kabla kidogo ya mizunguko miwili kutimia. Kwa hiyo safu ya lusini haishuki wima kwenye ubavu wa helisi. Hurudi nyuma kidogo kwa kila hatua, kuelekea kushoto. Helisi mbili zitakazo kuendelea kugusana kwa safu hiyo hazina njia ila kuzungukana kuelekea huko. Msokotaji hugeuza upande kwa makusudi. Protini hugeuzwa na hesabu ya 7 na 7.2.

Istilahi inayopendekezwa ni msokoto wa lusini, na jina la jumla la umbo ni msokoto wa helisi. Ieleweke kwamba kusuka hakufai hapa. Ukili na nywele husukwa, yaani hupitishwa juu na chini kwa zamu, na msuko hauna upande wa kulia wala wa kushoto kwa maana hii. Kiswahili cha pwani hutenga kusuka na kusokota kwa uangalifu ambao Kiswahili cha mjini kimeanza kuupoteza, na tofauti hiyo ndiyo biolojia inayoihitaji.

Kigezo cha uzalishaji kinatoa hukumu ya mwisho kati ya zipu na msokoto. Katika vigezo vijulikanavyo kwa jina la PEGITOSCA, vilivyopendekezwa na Kiingi, na katika Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Zubeida Tumbo-Masabo na Hermas Mwansoko (1992), istilahi njema hutazamiwa kuzaa nyingine. Mwaka 1993 Pehr Harbury na wenzake walibadilisha asidi amino chache za kipande hichohicho cha Gcn4, wakapata umbo la helisi tatu na jingine la helisi nne. Msokoto wa nyuzi tatu na msokoto wa nyuzi nne ni maneno yajielezayo, na kila mvuvi amewahi kushika kamba za namna hizo. Zipu ya pande tatu haijawahi kuonekana Ushongo wala kwingineko.

Yupo atakayeleta kigezo cha kimataifa, kwamba mwanafunzi atakutana na zipu katika vitabu vya Kiingereza. Hoja hii ina uzito katika nchi ambayo biolojia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na ambako pendekezo la Tume ya Makweta la mwaka 1982, la kuhamishia masomo ya sekondari katika Kiswahili, halikutekelezwa. Lakini hoja hiyo hudai kwamba lakabu itajwe na ielezwe, haidai kwamba ifanywe msingi. Aliyeanza na msokoto ataielewa zipu kama kisio la mwaka 1988. Aliyeanza na zipu atalazimika kubomoa kabla ya kujenga.

Inabaki namna Gcn4 inavyoshika DNA. Protini hii ina asidi amino 281, na sehemu ya kushikia ni ndogo, iliyo mwishoni mwa mnyororo. Helisi mbili zikitoka katika msokoto hutengana kama panda, kila moja ikateremkia bonde kuu upande wake. Picha iliyo karibu zaidi ni koleo la kushikia kaa la moto: mpini ni mmoja, mikono ni miwili. Koleo la chuma lakini huwa koleo hata likiwa ukutani. Mikono ya Gcn4, isipokuwa na DNA, haina umbo thabiti. Hujikunja kuwa helisi inapokutana na DNA. Kwa hiyo yafaa kusema kwamba Gcn4 hufumbata DNA, na kwamba huko kufumbata ndiko kunakoipa mikono umbo lake.

7.0 Tandiko

Mfano mmoja unaonyesha kwamba lakabu ya kigeni inaweza kupokelewa bila hasara. Mwaka 1993 Youngchang Kim, James Geiger, Steven Hahn na Paul Sigler walichapisha umbo la protini TBP ya hamira ikiwa juu ya DNA yenye herufi TATA, mahali ambapo kazi ya kunakili jeni nyingi huanzia. Wazungumzaji wa Kiingereza huifananisha na kikalio cha farasi. Kiswahili kina tandiko, ambalo kwa mwambao ni la punda zaidi kuliko farasi, na picha yake ni ileile: kitu kilichobonyea chini kikapanda mgongoni. Hapa lakabu ilikuja pamoja na umbo, wala haikulitangulia; ndiyo sababu haikuhitaji kusahihishwa.

Ila tandiko hili lina tabia ambayo tandiko la punda halina. Huingia katika bonde dogo la DNA, si bonde kuu, hulitanua, na DNA hupinda kwa kiasi cha nyuzi 80. Kwa tendo hilo kitenzi ni kupinda, kama upinde upindwavyo, na si kukunja. Mkunjo umekwisha kupewa protini, na DNA iliyopindwa na TBP hunyooka tena tandiko linapoondolewa.